Nilifundisha makapimlo miaka tisa kabla ya kuyaelewa

Kila mwaka, nikifika kwenye mada ya mlo kamili, niliandika ubaoni sentensi ileile: makapimlo hulainisha choo na kusaidia tumbo kufanya kazi. Watoto wa darasa la tano wakainakili, mtihani ukaja, wakaijibu, wakapata alama. Sikuwahi kujiuliza kama makapimlo, yaani nyuzinyuzi za mimea ambazo mwili hauzimeng'enyi, ni kitu kimoja au ni vitu kadhaa vilivyofungwa kwenye jina moja. Nilipoanza kuumwa mimi mwenyewe, sentensi hiyo ndiyo niliyoikimbilia, na karibu mwaka mzima ndiyo iliyonitesa.

Ugonjwa ulianza Agosti 2016. Tulikuwa tumetoka msibani kwetu Kongwa, tukarudi Dar es Salaam kwa basi la asubuhi. Njiani tulikula, na usiku wa siku hiyo nikaanza kuhara. Siku tatu sikujua mchana wala usiku. Nikanywa maji ya ORS, siku ya nne nikasimama, wiki iliyofuata nikarudi kazini. Nikadhani yamekwisha.

Tumbo halikurudi lilivyokuwa. Siku mbili au tatu nahara, kisha siku nne sipati choo kabisa, na kikija ni vigololi vigumu vya kutoa jasho. Maumivu yalikuwa chini ya kitovu, upande wa kushoto, yananyonga kama mtu anayekamua nguo nzito, na nikishaenda haja yanalegea. Sketi niliyoifunga vizuri asubuhi, saa tisa alasiri kifungo hakifiki kwenye tundu lake kwa gesi. Darasani nina watoto zaidi ya 90, na choo cha walimu kiko ng'ambo ya uwanja. Nilikuwa nimezihesabu hatua: 112. Mwalimu anayetoka darasani mara tatu kwenye kipindi kimoja haachi kusemwa. Wengine walisema nina mimba, wengine wakasema mabaya zaidi, na mimi sikuwa na jibu la kuwapa kwa sababu hata mimi sikujua ninaumwa nini.

Wengi wetu tumepita njia niliyopita. Zahanati ya kwanza waliniambia nina amiba, nikapewa metronidazoli. Miezi miwili baadaye, kwingine, nikaambiwa nina typhoid kwenye damu, nikapewa dawa nyingine ya kuua vijidudu. Mwaka uliofuata ikawa vidonda vya tumbo. Amiba ipo, typhoid ipo, na watu wanakufa kwa kuchelewa kutibiwa, kwa hiyo simlaumu anayetafuta ugonjwa huo kwanza. Lakini kipimo cha choo kilirudi safi mara nne, na mara zote nne nilitoka dirishani na mfuko wa dawa. Kila dawa ilinipa wiki moja ya matumaini.

Katikati ya hayo ndipo ushauri wa makapimlo ulipokuja. Dada mmoja tunayesali naye jumuiya aliniambia, "Wewe shida yako ni sembe. Sembe haina kitu. Kula dona, kula mboga mbichi, weka na pumba kwenye uji, utakuja kunishukuru." Alisema kwa upendo, na maneno yake yalifanana na yale niliyoyaandika ubaoni miaka yote. Nikajitoa mzimamzima. Asubuhi uji wenye vijiko viwili vikubwa vya pumba za ngano. Mchana chapati za unga wa ngano isiyokobolewa na bakuli la kachumbari ya kabichi mbichi. Jioni ugali wa dona na mchicha pamoja na mabua yake. Mahindi ya kuchoma ndiyo yalikuwa kitafunwa changu. Tumbo likawa mbaya zaidi, nami nikaongeza pumba, nikijiambia mwili bado unajisafisha.

Kuna asubuhi moja ya Machi 2018 ambayo sitaisahau. Nilikuwa kwenye daladala kutoka Mbagala, nimesimama, foleni haisogei. Maumivu yakaanza kupanda kama maji ya kisima. Nikashuka kituo kisicho changu, nikaingia saluni ya kwanza niliyoiona. Binti aliyekuwa anafagia alinitazama usoni, hakuuliza kitu, akanionyesha mlango wa nyuma na kunipa ndoo ya maji. Nilikaa huko dakika arobaini. Nilipotoka alikuwa ameniwekea kiti na chupa ya maji ya kunywa. Siku hiyo sikwenda kazini. Nilimpigia mume wangu nikamwambia sitaki zahanati nyingine, nataka mtu wa tumbo hasa.

Daktari wa mfumo wa chakula tuliyemwona katika hospitali moja kubwa alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: aliuliza, kisha akanyamaza asikilize. Je, kuna damu kwenye choo? Umepungua uzito bila kutaka? Unapata homa? Maumivu au kuhara vinakuamsha usingizini? Kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo? Umri wako? Nilikuwa na miaka 36, na majibu yote mengine yalikuwa hapana. Aliniambia kuwa kama hata moja lingekuwa ndiyo, au kama dalili zingeanza baada ya miaka 50, tungezungumza lugha nyingine, ya kamera na vipimo vikubwa. Ninayaandika haya kwa makusudi. Anayesoma hapa akiwa na lolote kati ya hayo asianze na bamia wala na isabgoli nitakayoieleza mbele, aanze na hospitali.

Alipima damu kuona kama nina upungufu, akapima choo tena, akaangalia na mambo mengine mawili matatu. Vyote vikarudi vizuri. Kisha akaniambia jina: IBS, kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome. Alieleza kwamba utumbo wangu ukifunguliwa ukatazamwa hauna kidonda wala uvimbe, ila unahisi kupita kiasi na unajikaza bila mpangilio. Gesi ileile ambayo mwingine hata haisikii, mimi inanikata. Madaktari wanautambua kwa maumivu yanayokuja angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, yaliyoanza si chini ya miezi 6 nyuma, na yanayoendana na kwenda haja au na kubadilika kwa mara za kupata choo na umbo lake. Na kuna watu, takriban mmoja kati ya kumi, ambao hubaki nao baada ya kuhara vibaya kama kule kwangu. Nililia pale kitini. Hakuwa amenipa habari njema, lakini kwa miaka miwili nilikuwa nimeanza kuamini kwamba najitungia.

Akauliza, "Unakula nini, mwalimu?" Nikamtajia yote kwa fahari kidogo: dona, pumba, kabichi mbichi. Aliweka kalamu chini.

"Hizo pumba ziache leo," akasema. "Si kwamba ni mbaya. Ni mbaya kwako, kwa sasa." Akaniandikia karatasi ya kwenda kwa afisa lishe.

Yule afisa lishe alikuwa mama wa makamo, mpole, mezani kwake kuna ndizi na karoti za kweli. Alinieleza kwamba nyuzinyuzi ziko za aina mbili, na karibu kila chakula cha mimea kina zote mbili kwa vipimo tofauti. Za kwanza huyeyuka au huvimba kwenye maji zikawa ute. Za pili haziyeyuki, zinapita tumboni karibu kama zilivyoingia. Nilimwelewa kwa kichwa tu. Nilikuja kuelewa kwa macho usiku ule jikoni kwangu, kwa sababu alinipa kazi ya nyumbani, mimi mwalimu.

Nilichukua bilauri mbili, kila moja nikaitia maji nusu. Ya kwanza nikaweka vijiko viwili vya chai vya isabgoli, yale maganda meupe mepesi ya mbegu yanayotoka India, unayapata kwenye maduka ya dawa na kwenye maduka ya viungo Kariakoo. Ya pili nikaweka vijiko viwili vya pumba zangu za ngano. Nikakoroga zote, nikakaa. Mwanangu wa mwisho akaja akapanda kwenye kiti. Dakika za kwanza hakukuwa na la kutazama. Baada ya robo saa niliiinamisha bilauri ya isabgoli na maji hayakumwagika. Yalikuwa yameshikana, mazito, yanasogea kwa pamoja kama ute wa yai. Mtoto akatia kidole akakitoa kikiwa kimevaa utelezi, akacheka. Ya pumba, maji juu yamekuwa na ukungu kidogo, chini zimetulia pumba vilevile. Nikazichukua nikazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Zilikuwa zimelowa, lakini bado zinakwaruza.

Nikawaza: kila asubuhi, kwenye utumbo unaolia hata ukipitiwa na gesi, nilikuwa napeleka hii.

Ute ule ndio unaofanya kazi pande zote mbili, na hilo lilinishangaza kwa sababu tumbo langu lilikuwa la kuhara na la kufunga kwa zamu. Choo kikiwa kigumu, ute unashikilia maji ndani yake kinalainika. Kikiwa maji, ute uleule unayakusanya yale maji, choo kinapata umbo. Pumba zenyewe haziwezi hivyo. Zinaongeza wingi na kuukwaruza ukuta wa utumbo, nao unajibu kwa kutoa maji na kamasi na kusukuma. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni msaada. Kwa mimi ilikuwa kumpigia kelele mtu mwenye kichwa kinachouma.

Sikuwa wa kwanza. Mwaka 1994 madaktari wawili wa Uingereza waliwauliza wagonjwa wao wa IBS kuhusu pumba, kwa sababu wakati huo pumba ndiyo ilikuwa tiba ya kawaida. Asilimia 55 walisema ziliwazidishia, asilimia 10 tu walisema ziliwasaidia. Kisha mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya Uholanzi: wagonjwa 275, majuma 12, wengine wakapewa isabgoli gramu 10 kwa siku, wengine pumba gramu 10, wengine unga wa mchele tu. Wa isabgoli ndio waliopata nafuu kuwashinda wa unga wa mchele. Wa pumba hawakupata tofauti ya maana, na ndio walioacha kwa wingi katikati ya safari, wengi wakisema hali imezidi. Nilipoyasoma nilimsomea mume wangu kwa sauti, mezani, kama barua iliyotoka kwa ndugu.

Wale wanaotujali wanatuambia tule makapimlo, na ushauri wao una asili ya kweli. Asili yenyewe haiko mbali na sisi. Daktari mpasuaji wa Ireland, Denis Burkitt, ndiye yule ambaye saratani ya watoto inayovimbisha taya imepewa jina lake, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, kwa miaka mingi. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa nadra kwa wanavijiji wa Afrika. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha vipimo vya uzito wa choo na muda ambao chakula hukaa tumboni: wanavijiji waliokula nafaka isiyokobolewa walikuwa na choo kingi, laini, kinachopita haraka. Fundisho hilo likazunguka dunia, na huko likafupishwa, mpaka likaturudia likiwa kijiko cha pumba.

Mimi nimekulia kwenye sahani ya namna ile aliyoiona Burkitt. Bibi yangu alisonga ugali wa uwele, mweusi kidogo, wenye makapi yake. Lakini kando ya ugali kila siku kulikuwa na mlenda. Ukimega tonge ukachovya, mlenda unapanda na mkono, unavutika kama uzi mrefu, nasi watoto tulikuwa tunashindana uzi wa nani utachelewa kukatika. Bibi alitukemea, "Chakula hakichezewi," kisha anageuka pembeni kuficha tabasamu. Ule uzi ni ute uleule wa kwenye bilauri. Kwenye mkono wangu mdogo zilikuwa zimekutana aina zote mbili za nyuzinyuzi, ngumu ya uwele imezungushiwa laini ya mlenda. Nilipokuja mjini nikaona haya kula mlenda mbele ya watu, nikauacha, nikabakiza makapi peke yake. Naamini hapo ndipo mahesabu yalipovurugika, ingawa hilo ni la kwangu, hakuna daktari aliyeniambia.

Sasa niseme makosa niliyofanya nikiwa tayari nimeelewa, maana yalinigharimu miezi.

La kwanza, nilikuwa na haraka. Siku ya kwanza ya isabgoli nilikoroga vijiko viwili vikubwa kwenye maji kidogo, nikanywa kikiwa kimeanza kuganda. Usiku mzima nilikuwa kama niliyemeza ngoma. Kumbe hata ikiwa ya aina nzuri, utumbo unataka kuzoeshwa. Na maji si pambo: isabgoli isiyo na maji ya kutosha inaweza kukwama kooni au kufunga njia huko chini, kwa hiyo mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuziba utumbo asiiguse bila kumwuliza daktari. Nilianza upya na nusu kijiko cha chai, nakoroga kwenye bilauri nzima, nakunywa hapohapo kabla haijaganda, nafuatisha bilauri nyingine ya maji matupu. Wiki ya pili kijiko kimoja. Ilinichukua mwezi na nusu kufika vijiko viwili kwa siku, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Dawa nyingine yoyote niliyokuwa natumia niliitenga nayo kwa saa mbili hivi, kwa sababu ute unaweza kuzuia dawa isiingie mwilini vizuri.

La pili lilikuwa baya zaidi. Niliogopa. Nikaona kila kisichoyeyuka ni adui, nikafuta dona, mchicha, matunda, nikawa naishi kwa wali mweupe, mkate mweupe na chai. Kuhara kukakatika, nikamshukuru Mungu. Siku ya sita bila choo nikaelewa kwamba nimetoka shimo moja nikatumbukia jingine. Yule mama wa lishe aliposikia aliniambia, "Mwanangu, sikukwambia ufukuze upande mmoja. Nilikwambia upande mmoja utangulie." Neno hilo la kutangulia ndilo nililopikia mpaka leo.

Kutangulia kwa namna gani? Asubuhi tumbo likiwa tupu halipati kitu cha kukwaruza. Naanza na uji wa oti, au viazi vitamu vilivyomenywa vikachemshwa hadi vikalainika, au kipande cha papai. Mboga ya majani inakuja mchana, na inakuja imeiva. Mchicha natumia majani, mabua yanakwenda kwa kuku wa jirani. Naukatakata mdogo, nauchemsha kuliko wanavyopenda wengine, mara nyingi na bamia tatu nne ndani yake. Kisamvu kikitwangwa vizuri nakiweza, kikiwa cha haraka haraka kinanirudisha. Karoti mbichi hapana, karoti kwenye supu ndiyo. Ngozi ya nyanya naitoa, ya viazi naitoa. Kwenye kachumbari nilikaa mwaka mzima bila kuigusa, sasa nakula vijiko viwili, mwisho wa mlo, si mwanzo.

Dona niliirudisha kwa kipimo cha kikombe. Vikombe vitatu vya sembe, kimoja cha dona, nikakaa hivyo majuma matatu. Kisha nusu kwa nusu. Nilipojaribu dona tupu tumbo likasema hapana siku ya pili, nikarudi nusu kwa nusu, na hapo ndipo nilipo. Watoto wamezoea, hawaulizi tena.

Maharage yanahitaji maelezo yao, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaokwenda kwa kanuni ya "ya kuyeyuka ni nzuri" wanapojikwaa. Maharage yana nyuzinyuzi nyingi za kuyeyuka. Lakini yana pia sukari za aina ambayo mwili wetu hauwezi kuimeng'enya, zinafika utumbo mpana bakteria wanazichachua kwa kasi, na matokeo yake unayajua. Vitunguu, vitunguu saumu na ngano vina jamaa zao za namna hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Australia ndio waliozichambua sukari hizo na kutengeneza mlo wa kuzipunguza. Isabgoli yenyewe haichachuki sana, ndiyo maana ukiizoea haijazi gesi. Kwa hiyo kuyeyuka peke yake hakutoshi. Maharage nayaloweka usiku kucha, maji namwaga, nachemsha, maji ya kwanza namwaga tena, na ninakula robo kikombe. Choroko zilizotolewa maganda zinanifaa zaidi. Vitunguu nilivyokuwa navikaanga vitatu, sasa nakaanga majani ya vitunguu, ile sehemu ya kijani, na harufu ya mboga iko palepale.

Yote haya niliyapata kwa daftari, si kwa kumbukumbu. Daftari la kurasa 96 lilelile wanalotumia wanafunzi wangu. Kushoto nilichokula na saa, kulia tumbo lilivyojibu. Choo nilikiandika kwa namba, kutoka 1 hadi 7, kwa mchoro wa madaktari wa Bristol, Uingereza, ambapo 1 ni vigololi vigumu na 7 ni maji matupu. Mwanzoni niliona aibu hata kuandika. Lakini baada ya miezi miwili nikaona jambo ambalo nisingeliona: kosa langu la Jumatatu linaonekana Jumanne mchana au hata Jumatano, na mimi miaka yote nilikuwa nahukumu chakula cha mwisho nilichokula. Nilikuwa nimewafunga wali na papai bila kosa, na pumba zikawa huru. Daftari lilinionyesha pia kwamba wiki za kusahihisha mitihani ni mbaya hata nikila sawasawa. Utumbo huu unasikia na mawazo, na hilo kijiko hakilimalizi.

Gumu kuliko yote halikuwa chakula, lilikuwa watu. Kwa mama mkwe, kukataa kachumbari yake ni kumkataa yeye. Mara ya kwanza nilikula kwa heshima, nikalipa siku mbili. Mara ya pili mume wangu alitangulia jikoni akamweleza mama yake kwa utaratibu, bila kuficha, kwamba mkwe wako tumbo lake linahara na kufunga na daktari amesema hivi na hivi. Mama alitoka na kitambaa mkononi akaniuliza, "Mbona hukuniambia, mwanangu? Mimi mwenyewe kabichi imenishinda tangu nikiwa msichana." Akakaa pembeni yangu tukala wali na mchuzi wa bamia, wawili sisi, sahani moja.

Sijapona. IBS si ugonjwa wa kusema umepona, na mtu akikuuzia chupa ya kuiondoa milele usimpe hela yako. Januari hii nilikuwa na majuma mawili mabaya, maumivu yaleyale ya kukamua, na nilirudi kwenye uji wa oti, kijiko cha isabgoli na daftari. Lakini hatua 112 za uwanjani sizihesabu tena. Na sentensi yangu ya ubaoni nimeibadilisha. Darasa la tano sasa wanaletewa bilauri mbili, wanakoroga wenyewe, wanasubiri robo saa, wanatia vidole. Mwaka jana mtoto mmoja wa kike alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwenye tumbo linalouma kila siku anaweza kuwa kama ile bilauri ya pumba. Nikamwuliza ni nani. Akasema ni mama.

Nilimwambia amwambie mama aje Ijumaa baada ya vipindi. Alikuja, tukakaa chini ya mwarobaini, na nilimwuliza kwanza maswali yale ya daktari, moja baada ya jingine, kuanzia la damu.